Tajeni Kituo: Barua ya Wazi Kutoka Banissa kwa Mliovunja Siri ya Seva

Kwa wataalamu wa kompyuta, wachambuzi wa takwimu na wafumbuzi wa mafumbo ambao kila baada ya miaka 5 hututangazia kwamba mmeingia ndani ya mitambo ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, na kukuta mshindi mwingine.

Ndugu zangu,



Tarehe 10 Agosti 2027, Mungu akitujalia uhai, Wakenya tutapanga foleni tena. Nina hakika kwamba kabla wino haujafutika vidoleni mmoja wenu atakuwa amejitokeza na picha ya skrini, mistari ya herufi na namba, na tangazo kwamba siri imefichuka: fomula imepatikana, kura zimehamishwa, mshindi wa kweli ni fulani. Ndiyo maana naandika mapema. Usiku wa kusubiri matokeo hakuna mwenye subira ya kusoma barua ya mwalimu, na pengine huku hata mtandao hautakuwepo. Kaunti ya Mandera imeona milingoti ya simu ikilipuliwa mara kadhaa, na sisi tumezoea kupokea habari zikiwa zimeshapoa. Kuna faida katika hilo, msidhani nalalamika tu. Habari iliyochelewa mara nyingi hufika pamoja na kanusho lake.

Mimi nafundisha hisabati. Nimewahi pia kuketi kwenye meza ya kituo cha kupigia kura, kwa hiyo Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, naijua kwa kuijaza, si kwa kusimuliwa. Ninachotaka kutoka kwenu ni kidogo: mkisema mmevunja msimbo, tupeni njia mliyopita, yote, ili nasi tuipite. Mpaka hapo sitawaamini, hata kama mnayemtaja kuwa mshindi ndiye niliyempigia kura.

Wala msinione mtetezi wa tume. Nani wa Banissa angethubutu? Mbunge wetu, Kulow Maalim Hassan, alifariki Machi 2023. Katiba inataka kiti cha Bunge kilichobaki wazi kijazwe kwa uchaguzi mdogo ndani ya siku 90. Sisi tulipiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Kwa zaidi ya miaka 2 na nusu kata zetu tano, yaani Banissa, Derkhale, Guba, Malkamari na Kiliwehiri, hazikuwa na mtu wa kuzisemea Bungeni. Nani alituibia kiti? Hakuna mdukuzi hata mmoja. Mwenyekiti wa tume Wafula Chebukati na makamishna wawili waliosalia naye walimaliza muda wao Januari 2023, wenzao wanne walikuwa wameshajiuzulu au kusimamishwa, na mpaka mwenyekiti mpya Erastus Ethekon na timu yake walipoapishwa Julai 2025, nchi haikuwa na makamishna wa kuendesha uchaguzi wowote. Tulinyimwa sauti mchana kweupe, kwa sababu ambazo kila gazeti liliziandika, na hakuna aliyehitaji nywila ya mtu.

Nimeanza na hilo kwa sababu nyinyi mna mazoea ya kutafuta uovu mahali penye giza na hesabu ngumu. Uovu mwingi niliouona mimi katika kazi ya uchaguzi uko mezani, kwenye taa, umeandikwa kwa kalamu. Tena kwetu mengi huamuliwa chini ya mti, katika vikao vya wazee wa koo, miezi kadhaa kabla ya kompyuta yoyote kuwashwa. Mtu anaweza kuusifu utaratibu huo au kuulaani, lakini hautaonekana kwenye kumbukumbu za seva.

Kuhesabiwa na kuambiwa namba zenu haziwezekani, hilo nalo tunalijua. Tarehe 31 Agosti 2010 aliyekuwa waziri wa mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza matokeo ya sensa ya 2009: Wakenya milioni 38.6. Papo hapo akayafuta matokeo ya wilaya 8 za kaskazini. Mojawapo ilikuwa Mandera Magharibi, ambayo wakati huo ilikuwa na Banissa ndani yake. Sababu ilikuwa ya kihesabu: watu waliongezeka kuliko vizazi vinavyoweza kueleza. Wazee wa huku walikasirika na bado wamekasirika. Mimi naona maswali yale yalistahili kuulizwa. Lakini kuona namba ya ajabu ni mwanzo wa kazi. Namba kama hiyo inaweza kutoka kwa karani aliyepika majina, au kwa wafugaji waliorudi na mifugo msimu ule, au kwa watu waliovuka mpaka, au kwa sensa ya 1999 kuwa ndiyo iliyokosea kwa kuwaacha watu nje. Kila maelezo yana namna yake ya kupimwa, na hakuna hata moja linalopimwa kwa kukaa Nairobi na kusema grafu imepanda mno. Mtu akiniambia leo kwamba namba fulani ya uchaguzi “haiwezekani”, namuuliza kwanza amejaribu maelezo mangapi kabla ya kufika kwenye lile alilolipenda.

Basi tuje kwenye seva.

Agosti 2017, siku moja tu baada ya uchaguzi, Raila Odinga aliwaambia waandishi kwamba wadukuzi wameingia kwenye mfumo wa tume kwa kutumia utambulisho wa Chris Msando, meneja wa teknolojia aliyeuawa siku chache kabla ya kura. Muungano wake wa NASA ukatoa kurasa nyingi za kumbukumbu ulizodai zimetoka ndani ya seva. Tume ikajibu kwamba kumbukumbu zile ni za hifadhidata ya Microsoft, ilhali yake ni ya Oracle. Msemo wa “vifaranga vya kompyuta”, yaani viongozi wanaodaiwa kutotolewa na mashine, ukaingia katika Kiswahili cha siasa na haujatoka mpaka leo.

Kilichosambaa zaidi, hata hivyo, kilikuwa mchoro. Watu walichukua jumla za kura za wagombea wawili wakubwa kadiri zilivyopanda kwenye skrini, wakazichora moja dhidi ya nyingine, wakapata mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa rula. Pengo, wakasema, limekaa palepale karibu asilimia 11 tangu saa za mwanzo. Binadamu hapigi kura hivyo, wakasema, kwa hiyo kuna fomula. Mchoro ule ulisadikisha watu wenye shahada.

Chukueni jumla zozote mbili ambazo kazi yake ni kupanda tu. Chukueni lita za maziwa ya ngamia zilizouzwa sokoni Banissa tangu Januari, mkijumlisha siku hadi siku, na lita za maziwa ya mbuzi vivyo hivyo. Choreni moja dhidi ya nyingine. Mtapata mstari, na mama muuza maziwa hana algoriti. Jumla haishuki, na kadiri inavyonenepa ndivyo kila kipande kipya kinavyokosa nguvu ya kuitikisa. Kura 400 zikiingia wakati jumla ni 1,000, mstari unaruka. Kura hizohizo zikiingia wakati jumla ni milioni 10, jicho halioni kitu. Na kama vituo vinaripoti vikiwa vimechanganyika, Mandera kidogo, Migori kidogo, Nyeri kidogo, asilimia hutulia mapema na kukaa hapo. Mtu anayetaka kujua kama kuna mkono wa fomula hachori jumla. Anachora kila kituo peke yake, kura za huyu dhidi ya kura za yule. Hapo mstari huvunjika, na kinachobaki ni wingu la nukta, wingu ambalo lina mengi ya kusema kwa anayejua kulisoma. Wanafunzi wa kidato cha tatu nimewafanyisha zoezi hilo kwa dadu. Dadu mbili zinarushwa, kila moja inajumlishiwa alama zake, jumla zinachorwa. Mstari ulipotokea ubaoni, binti mmoja aliuliza kama dadu zimedukuliwa. Darasa lilicheka, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko mijadala mingi niliyoisikia redioni mwaka ule.

Kisha angalieni kilichotokea mahakamani, kwa sababu ndicho kinachonikera. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga iliufuta uchaguzi ule, majaji wanne dhidi ya wawili. Walioshangilia fomula walisema wameshinda. Lakini kilichoutia uchaguzi kaburini hakikuwa ule mstari. Kilikuwa fomu zilizokosa alama za usalama, matokeo yaliyotangazwa kabla ya fomu zote kufika, na tume iliyoamriwa kufungua seva zake ikakataa. Kwa kukataa huko, mahakama ilisema haina budi kukubali kwamba ama mfumo uliingiliwa na watu wa nje, ama maafisa wenyewe waliuchezea, ama tume ilivuruga kazi na haitaki kukiri. Someni hapo kwa utulivu. Majaji hawakusema ni lipi kati ya hayo lililotokea. Hakuna aliyekuwa amevunja msimbo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na aliyeufunga akaubeba mzigo wa kuufunga.

Nitaongeza jambo dogo la mwaka huohuo ambalo kwetu lilikuwa kubwa. Siku mbili kabla ya kura tume ilitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 viko nje ya mtandao wenye kasi ya kutosha kutuma picha za fomu. Hilo lilisemwa hadharani, na lilikuwa hatari ya kweli: msimamizi anabeba kifaa cha KIEMS, kile cha kutuma matokeo, kwenda kutafuta mtandao, usiku, barabara zetu mnazijua. Wachambuzi wangapi walilifuatilia? Barabara mbovu haina mvuto wa fumbo, nadhani.

Mwaka 2022 mambo yalibadilika kwa namna ambayo ingepaswa kuwafurahisha. Tume iliweka picha za Fomu 34A za vituo 46,229 mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu angeziona. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha vyenyewe, kila kimoja kikichagua fomu zake, na kwa muda kila runinga ikawa na kiongozi wake. Ilikuwa vurugu, lakini vurugu ya uaminifu: kila mtu alikuwa na karatasi zilezile.

Mnakumbuka kilichofuata. Tarehe 16 Agosti makamishna wanne walioyakataa matokeo walikutana na waandishi katika hoteli ya Serena, na makamu mwenyekiti Juliana Cherera akasema asilimia zilizotangazwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo asilimia 0.01 ni kama kura 142,000. Nilisimamisha chai. Kura halali zilikuwa milioni 14.2 na ushei. Asilimia moja ya hizo ni 142,000. Asilimia 0.01 ni kura 1,420 hivi. Na hata hizo 1,420 hazikuwepo popote. William Ruto alipata kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, George Wajackoyah 61,969, David Waihiga 31,987. Gawanyeni wenyewe, mbele mpaka desimali nne. Mtaona kwamba asilimia zote nne, kwa bahati tu, zikikadiriwa hadi desimali mbili huenda juu: 50.49, 48.85, 0.44, 0.23. Ukizikadiria zote juu, jumla inapita 100. Hesabu hiyo ni ya darasa la saba. Lakini ndani ya saa moja nilikuwa nimeshapokea ujumbe kutoka kwa watu watatu wenye elimu kubwa kuniliko, wote wakisema “hesabu zimewaumbua.”

Petisheni zikafika mahakamani na kumbukumbu mpya za seva. Safari hii madai yalikuwa kwamba fomu zilinaswa njiani, zikabadilishwa, kisha zikawekwa hadharani. Likatajwa na jina la raia wa Venezuela, Jose Camargo, mmoja wa watatu waliozuiliwa uwanja wa ndege Nairobi mwezi Julai. Mahakama iliagiza ukaguzi: fomu halisi zilinganishwe na zilizowekwa hadharani. Zikaoana. Fomu zilizoletwa kama ushahidi wa udukuzi ndizo zilizoonekana kuchezewa. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote saba wakiongozwa na Jaji Mkuu Martha Koome wakayatupa madai hayo kwa maneno makali.

Laiti yangeishia hapo. Januari 2023 akaletwa mfichua siri asiye na jina, na hesabu mpya kabisa: Raila kura milioni 8.1, Ruto milioni 5.91. Hapa ndipo nilipoamua kwamba siku moja nitawaandikia. Tuchukue madai hayo kwa heshima, tuyapime. Ili Ruto ashuke kutoka milioni 7.17 hadi milioni 5.91, lazima awe aliongezewa takriban kura 1,260,000. Zigawanye kwa vituo 46,229. Ni wastani wa kura 27 kwa kila kituo nchini. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Jioni ile karatasi zilihesabiwa moja moja, zikiinuliwa juu mbele ya mawakala wa vyama, fomu ikajazwa kwa mkono, mawakala wakatia sahihi, wakapewa nakala, na nakala nyingine ikabandikwa mlangoni. Kwa hiyo kama kura 27 zilihama kwa wastani kila mahali, kuna maelfu ya mawakala wa Azimio, muungano wa Raila, waliokuwa na nakala mfukoni zenye namba tofauti na zilizowekwa hadharani. Wako wapi? Sihitaji elfu. Nipeni kituo kimoja Banissa, jina la shule na namba ya chumba. Mfichua siri alitupa jumla ya taifa zima na hakutupa kituo.

Kosa lenu, naona, si ujinga. Wengi wenu mna akili kuliko sisi tunaowasikiliza. Kosa ni kujipa uhuru mwingi mno. Mfumbuzi akiruhusiwa kuruka herufi anazotaka, kubadilisha mpangilio pale panapogoma, kuhesabu kitu mara moja hapa na mara mbili kule, atasoma chochote alichotaka kusoma. Huku kwetu wengi wanamkumbuka Rashad Khalifa, Mmisri aliyeishi Tucson, Marekani. Katika miaka ya 1970 alihesabu herufi na maneno ya Qur'ani kwa kompyuta, akatangaza kwamba Kitabu chote kimejengwa juu ya namba 19. Mwanzoni Waislamu wengi walipendezwa. Sura ni 114, na 114 ni 19 mara 6; nani asingesisimka? Kisha hesabu ikagoma. Khalifa akasema aya mbili za mwisho za Surat Tawba, ya 128 na ya 129, si sehemu ya Qur'ani. Fomula ilipogongana na maandiko, alikata maandiko. Aliuawa kwa kuchomwa kisu Januari 1990, na mauaji yale hayana utetezi. Hesabu hujibiwa kwa hesabu. Nimemtaja kwa sababu kila ninapoona mchambuzi akisema “tukiviondoa vituo hivi vichache visivyoeleweka, mchoro unakaa sawasawa”, aya zile mbili hunijia.

Mnataka kuona kuvunja msimbo kulivyo? Novemba 1969 muuaji aliyejiita Zodiac aliipelekea San Francisco Chronicle barua ya alama 340. Kwa miaka 51 watu walitangaza kwamba wameisoma, kila mmoja na jina la muuaji wake: jirani, mwalimu, baba wa kambo. Desemba 2020 watu watatu waliokaa mabara tofauti, David Oranchak wa Marekani, Sam Blake wa Australia na Jarl Van Eycke wa Ubelgiji, waliifumbua kweli, na FBI ikathibitisha. Walikuwa wamejaribu mipangilio takriban 650,000 ya kuzisoma alama zile, wakaonyesha ule mmoja uliotoa maneno, wakaonyesha hata sehemu ambazo muuaji mwenyewe alikosea kuandika. Mtu yeyote anaweza kurudia hatua zao na kufika palepale, awe anawapenda au anawachukia. Halafu, baada ya kazi yote hiyo, ujumbe ulisema nini? Majigambo ya muuaji kwamba haogopi kifo. Jina lake halikuwemo. Ukweli ulikuja bila kile ambacho wafumbuzi walikitamani kwa nusu karne, nao wakauchapisha hivyohivyo. Katika madai yenu yote tangu 2017 sijakutana na hata moja ambalo mwishowe lilimvunja moyo aliyelileta.

Sasa neno kwa tume, kwa kuwa najua nakala ya barua hii itasomwa na kijana mmoja katika ofisi zao. Soko la wavunja msimbo mnalitia mbolea nyinyi. Mwaka 2017 mlikataa kufungua seva hata kwa amri ya mahakama. Mwaka 2022 mliweka fomu hadharani, na madai yaliyokuja yaliweza kupimwa kwa siku 14 tu ambazo Katiba inawapa majaji. Tofauti hiyo ni hoja tosha. Bwana Ethekon, fomu za 2027 ziwekwe tena, na zibaki hapo miaka yote 5, si hadi kelele zikome. Na mauaji ya Msando hayajapata mwenyewe mbele ya sheria mpaka leo. Maadamu hali ni hiyo, kila hadithi ya utambulisho wake kutumika itaaminika, kwa sababu mtu aliyekuwa na majibu alikufa nayo na serikali haijasema nani alimnyamazisha. Siwezi kumlaumu mama wa Kisumu kwa kuamini kumbukumbu za seva za kughushi wakati kumbukumbu halisi ya mauaji yale haipo.

Huyo mama wa Kisumu ndiye sababu ya ukali wangu. Agosti 2017 watu walitoka barabarani Kisumu na mitaa ya mabanda ya Nairobi, na polisi wakawapiga risasi na marungu. Kuna mtoto wa miezi 6 aliyefariki kwa kipigo akiwa nyumbani kwao. Waliopiga ndio wenye damu mikononi, na sitaihamishia kwenu. Lakini mtu anayekwenda kusimama mbele ya bunduki kwa sababu mlimwambia kuna fomula ana haki ya kujua kwamba mliijaribu mara mbili kabla ya kuitangaza.

Kwa hiyo nataka hivi. Kabla ya tarehe 10 Agosti 2027, semeni hadharani mtakachokitafuta na jinsi mtakavyokitambua, na pia ni namba zipi zikitokea mtakubali kwamba hakuna kitu. Mkiogopa kuwapa wezi mbinu, andikeni kwenye karatasi, fungeni bahasha, mwachieni mtu ambaye pande zote zinamheshimu. Kadhi wa Mandera anafaa, na ofisi yake haina deni la chama chochote. Baada ya kura, faili mlizozitumia zipeni watu wawili wasiompenda mgombea wenu, wazipitishe kwenye hatua zilezile, nao waseme walifika wapi. Vituo mlivyoviondoa kwenye mchoro vitajeni kwa majina, na sababu ya kila kimoja.

Na mkisema kura zimehamishwa, tajeni kituo. Mkitaja cha Malkamari au Kiliwehiri, kuna gari la kwenda huko, na waliotia sahihi kwenye fomu ni watu tunaowafahamu kwa majina ya baba zao. Nitakwenda mwenyewe na nakala yenu na kalamu nyekundu. Tukikuta namba mbili tofauti, nitapanda basi hadi Nairobi kutoa ushahidi upande wenu, na nauli nitalipa mimi.

Wenu,
Mwalimu wa hisabati,
Banissa, Kaunti ya Mandera